Kopo la Mama Tairi

Nimewahi kudanganya watu kwa mambo madogo madogo, kama mtu yeyote anayefanya biashara, lakini kwa maharagwe nimemdanganya mtu mmoja tu. Mtu huyo ni mwanamke aliyekuwa akiuza tairi mjini Migori, si mbali na daraja, na mji mzima ulimwita Mama Tairi. Jina lake nalijua, maana lilikuwa kwenye leseni aliyoitundika ukutani, lakini sitaliandika hapa. Alisema jina lile ni la watu wa kwao, na huku alikokuja kufanya biashara jina la kazi linamtosha.

Mimi ni daktari wa mifugo, wa kujitegemea. Kazi yangu haina ofisi. Ofisi ni gari, gari kuukuu linalovuta kwa miguu yote minne, na ndani yake kuna sanduku la barafu la chanjo, kamba, gambuti na harufu ambayo mke wangu alishakata tamaa nayo. Asubuhi naweza kuwa Rongo kwa mama mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, mchana niko Masara ambako wachimba dhahabu wanafuga mbuzi kando ya mashimo, kesho yake napanda Kegonga. Kwa hiyo tairi kwangu si urembo. Ukitaka kujua uzito wa tairi, muulize mtu ambaye ng'ombe wake anazaa, ndama amekaa vibaya tumboni, na daktari anapiga simu kusema amekwama njiani.

Mama Tairi alikuwa mfupi, mpana, mwenye mikono ya mtu aliyetwanga maisha yake yote. Ushungi wake aliufunga kwa nyuma usije ukanaswa na mashine, na shingoni alining'iniza kipima upepo kwa uzi, jinsi mimi ninavyoning'iniza kile chombo changu cha kusikiliza mapafu ya ng'ombe. Nilipomwambia kwamba tunafanana, aliniangalia mara moja akasema, "Hatufanani, Daktari. Mgonjwa wako akifa wanamla. Wangu akipasuka anakula watu."

Basi ndivyo alivyokuwa akiongea. Hakuwa na haraka ya kukufurahisha.

Kwa Mama Tairi hukununua tairi siku uliyokwenda kununua tairi. Hilo ndilo lililowashangaza wageni. Ulisalimiwa, ukaulizwa habari za nyumbani, ukapewa kiti, nacho kiti chenyewe kilikuwa tairi kuukuu iliyofungwa kamba, kisha ukakabidhiwa kopo. Kopo la maziwa ya unga, tupu, jina lako limeandikwa kwa chaki ubavuni. Pamoja nalo alikupa vifuko viwili vya kitambaa, kimoja cha mahindi, kimoja cha maharagwe.

"Sikiliza vizuri," alikuwa akisema, na alisema hivyo hivyo kwa kila mtu, awe mwalimu au tajiri. "Kila safari ya lami, tia punje moja ya hindi. Kila safari ya kutoka nje ya lami, tia haragwe moja. Ukikwama hadi ushuke usukumwe, okota kokoto hapo hapo ulipokwama, utie. Wiki mbili. Halafu uniletee kopo, mimi nitakwambia gari lako linataka nini."

Huku kwetu mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja tunayaita nyoyo, kwa hiyo watu walimcheka sana mwanzoni. Walisema kuna mama wa Kiislamu mjini anauza tairi kwa nyoyo. Wengine walikwenda kwake kwa kuona kioja tu, wakarudi na makopo kwapani, na baada ya wiki mbili wakaenda tena kwa adabu.

Nilimuuliza siku moja kwa nini asiwaulize watu tu kwa mdomo. Alikuwa akinywa chai yake ya tangawizi, ile kali ya kutoa machozi.

"Ukimuuliza mtu barabara zake," akasema, "atakutajia ile mbaya kuliko zote. Ile aliyokwama mwaka juzi. Ataisimulia mpaka umwonee huruma. Ile anayopita kila siku haitaji, maana haimsumbui. Na tairi inalika kwenye ile ya kila siku."

Dukani kwake alikuwa na aina tatu, akazipa majina ambayo hata mtoto angeelewa. Kulikuwa na za lami, laini, zenye mifereji membamba. Kulikuwa na za matope, zenye meno makubwa yenye mianya ya kuingia vidole viwili, zile ambazo gari likizivaa linaonekana linakwenda vitani. Na katikati kulikuwa na za mchanganyiko, ambazo hazikumvutia mtu yeyote. Vijana wote waliingia wakaenda moja kwa moja kwa zile za matope, wakazipapasa kama watu wanaonunua fahali.

Naye aliwaacha wapapase. Kisha alianza kuwahesabia maovu ya tairi hizo kwa vidole. Kelele: ukiwa kwenye lami hutasikia hata redio. Mafuta: gari litakunywa kama limetoka kufunga. Uzito: usukani utakuchosha mabega. Na la mwisho alilishushia sauti. "Mvua ikinyesha kwenye lami, hizi zinaogopa. Mianya yote hii ni mpira ambao haugusi chini. Matopeni mwanya ndio unaokuokoa. Kwenye lami yenye maji, ukishika breki, mwanya hauna mkono."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu, si mara moja. Nataka hilo lijulikane mapema.

Kisa kilichochekesha mji ni cha dereva wa mheshimiwa mmoja. Alikuja na gari jipya linang'aa, akataka za matope, tena zile kubwa kupita kiasi, maana bosi wake anatembelea wananchi mashinani. Mama Tairi akainama, akapitisha mkono kati ya tairi na bodi, akamwambia zile anazotaka zitasugua hapa akikata kona. Kisha akampa kopo. Dereva alinuna lakini akalichukua. Wiki mbili baadaye alilileta, na Mama Tairi akalimwaga kwenye sinia mbele ya watu. Mahindi matupu. Akayapangua kwa kidole, akapangua, hadi akalipata haragwe moja.

"Hili ni la wapi?" akauliza.

Dereva akajikuna. "La matanga, Mama. Kulikuwa na matanga huko Nyatike."

"Basi mwambie mheshimiwa wananchi wa mashinani wako salama," akasema Mama Tairi, "maana hajawafikia." Alimfungia za lami, akamwongezea upepo, wakaagana.

Lakini msidhani kazi yake ilikuwa kukataza tu. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mahindi wa Kegonga, mtu wa maneno machache, aliyejenga nyumba mjini Migori na kwa hiyo akajihesabu kuwa mtu wa lami. Alitaka za lami kwa sababu ni bei ya chini. Kopo lake liliporudi lilikuwa maharagwe na kokoto, mahindi ya kuhesabika. Mama Tairi alikataa katakata. Yule bwana akasema, "Ni pesa zangu." Mama Tairi akasema, "Na ni jina langu." Walikaa hivyo wakitazamana, hadi adhana ikasikika na Mama Tairi akaenda kuswali, akamwacha palepale na mlango wazi. Aliporudi alimkuta bado amekaa kwenye tairi. Alizinunua za matope, na tangu siku hiyo kila akiteremka na mahindi alimletea debe la kuchoma.

Alikuwa na mazoea yake. Tairi mpya ilipoingia dukani, kabla hajaisifu kwa kitu kingine, alitafuta ubavuni mwake zile tarakimu nne zinazosema ilitengenezwa wiki gani na mwaka gani. Aliziita siku ya kuzaliwa. Tairi iliyozaliwa zamani ikakaa ghalani aliirudisha hata kama inang'aa. "Mpira unazeeka ukiwa umekaa, kama mimi," alisema, ingawa sijawahi kumwona amekaa zaidi ya urefu wa kikombe kimoja cha chai. Aliwalazimisha watu wavae zote nne za aina moja. Ukimwambia utanunua mbili mbele na mbili mwezi ujao, alikuuliza kama na viatu unavaa hivyo.

Upepo alitoa bure, kwa gari, kwa bodaboda, kwa baiskeli ya muuza mikate. Lakini ole wako uliyetoka mchangani, ukapunguza upepo ili usizame, kisha ukapanda lami bila kuurudisha. Huyo alimfokea mbele ya mkewe. Na hapa naona kinyume chake, maana mtu huyu aliyewahubiria watu wote subira ya wiki mbili hakuweza kungoja foleni ya benki. Aliyekataa kabisa kuuza tairi zilizotumika alikuwa amevaa akala miguuni, viatu vilivyokatwa kutoka tairi zilizotumika, na maua yake yalipandwa ndani ya tairi, na kuku wake walinywea maji humo humo.

Kubwa kuliko yote, hakujua kuendesha gari. Watu hawakuamini. Nilipompa lifti mara moja hadi Rongo alishika mlango kwa mikono miwili, akasoma dua njia nzima, na nilipofika sitini akaniuliza kama nina ugomvi na mtu.

"Yawa, Mama!" nikamwambia. "Wewe unayejua tairi zote hizi, kwa nini hujifunzi?"

"Nikijifunza nitaanza kujidanganya kama ninyi," akasema. "Kila dereva ana barabara ya kichwani. Mimi sina. Mimi nina kopo."

Alilisema hilo kwa uhakika mkubwa, na nililipenda jibu lake hata nikawasimulia watu. Sasa nifike kwangu.

Siku niliyokwenda kununua tairi zangu alilizunguka gari mara mbili, akainama, akagusa zile kuukuu kwa ngumi. Tairi iliyokwisha, alisema, inajua ulikoenda kuliko wewe. "Mchanganyiko," akasema, "kama macho yangu hayajachoka. Lakini mimi sifuati macho. Chukua kopo."

Mimi sikutaka za mchanganyiko. Nilizitaka za matope, na nitasema kwa nini bila kuficha: zinapendeza. Basi. Kulikuwa na daktari mwenzangu upande wa Homa Bay aliyekuwa amezivaa, na akiingia bomani watu wanasimama. Mimi nikiingia, mbuzi hawainui hata vichwa. Ni kweli nilikwama, tena vibaya, katika ule udongo mweusi wa Nyatike, na ni hicho nilichomsimulia kila mtu. Sikumsimulia mtu kwamba siku nyingine zote niko kwenye lami kati ya Migori na Rongo, nikiingia ndani kwenye vijia vya changarawe ambavyo hata gari dogo linapita.

Wiki mbili zilipokwisha nilikaa mezani jikoni na kopo langu, nikaliangalia. Lilikuwa na mahindi mengi, maharagwe kiasi na kokoto moja. Nikachota maharagwe ya mke wangu. Niliyatia moja moja, nikihesabu, kwa sababu nilitaka yatoshe lakini yasizidi. Kumi na saba. Kisha nikatoka nje, nikaokota kokoto nne mlangoni.

Mke wangu alikuwa amesimama hapo na sufuria mkononi. Yeye ni fundi wa cherehani, na macho yake hayapitwi na uzi. "Baba Achieng'," akasema, "unapika?"

"Nakumbuka safari nilizosahau," nikamjibu.

"Hizo barabara umeziendea lini? Ukiwa umelala?" Akacheka, nami nikacheka. Kwa kweli tulicheka sana. Ilikuwa mchezo tu.

Mama Tairi alimwaga kopo langu kwenye sinia, akalipangua kwa kidole. Akapangua tena. Akanitazama, akalitazama gari, akazitazama zile tairi zangu kuukuu. Niliona kabisa kwamba macho yake yanakataa. Lakini alisema, "Basi macho yangu yamechoka. Kopo linasema matope." Alirudisha nyoyo yangu ndani, akafunika, akaliweka kopo kwenye rafu pamoja na mengine, kwa sababu alikuwa akiyahifadhi hadi utakaporudi kwa tairi nyingine. Akanifungia za matope. Nilitoka pale nimekaa wima kama chifu.

Miezi mitatu nilifurahi. Kelele ilikuwa kelele kweli, mafuta yalikwenda kweli, lakini watoto wa Masara walinikimbilia. Kisha ikaja alasiri moja, tunatoka Rongo mimi na mke wangu, alikuwa ameenda kununua vitambaa vya sare. Mvua ilikuwa imeshika dakika chache tu, ile ya kwanza baada ya jua refu, inayoifanya lami iteleze. Mbele yetu lori la miwa likashika breki. Nami nikashika. Sikuwa na mbio, naapa, nilikuwa na nafasi ya kutosha kwa gari lolote lenye tairi za akili. Gari langu likaendelea kama sabuni kwenye sinia. Nilikata kushoto kulikwepa lori, tukatoka nje ya barabara, tukalalia ubavu mtaroni, ubavu wa mke wangu.

Mkono wake wa kulia, alioutanguliza kujikinga, ulivunjika mahali pawili. Mkono wa mkasi.

Siku ya pili yake Mama Tairi alikuja hospitalini na chupa ya uji. Hakuniangalia mimi. Alikaa kando ya kitanda, akaushika mkono mzima wa mke wangu, akaanza kulia, yeye ambaye sikuwahi kumwona hata jicho likilowa ila kwa tangawizi.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye niliyezifunga. Macho yaliniambia, nikayakataa. Niliamini kopo. Nimekuvunja mkono kwa upuuzi wangu wa mahindi na maharagwe."

Mke wangu akanitazama juu ya kichwa cha yule mama. Alikuwa ananingoja. Nami, mtu mzima, daktari, nikainua uso nikaanza kuchunguza dari ya hospitali kama mtu anayetaka kuinunua. Mama Tairi akajifuta kwa ncha ya ushungi, akaaga, akaondoka.

"Utamwambia lini?" mke wangu akauliza.

"Akitulia," nikasema.

Hakutulia. Wiki ile ile aliwarudishia wateja makopo yao yote, na aliyetaka nyoyo yake akaipike akapewa. Ukiingia dukani kwake sasa ulikuta mwanamke mpole. Ulichagua unachotaka, akakufungia, ukalipa, ukaenda. Watu walisema amezeeka. Wengine walifurahi, maana hakuna tena mambo ya wiki mbili. Mimi nilipita pale na uso umegeukia upande mwingine, na gari lilipotoka kwa fundi wa bodi nilikwenda hadi Kisii kununua tairi ili nisikutane naye. Kisha duka likafungwa. Nikasikia amehamia Homa Bay, na Mungu anisamehe, nikapumua.

Mkono wa mke wangu ulipona baada ya muda mrefu, ingawa kitambaa kizito hadi leo anakikata kwa kupumzika. Hakunigombeza hata siku moja. Kila tukimaliza kula aliuliza tu, "Umemwambia?" na kila mara nikasema barabara ya Homa Bay siku hizi sipiti. Alijua napita.

Miaka mitatu ikaenda hivyo. Mwezi uliopita nilikuwa Homa Bay kuchukua chanjo, na mke wangu yuko nami garini. Tulipokaribia njia ya kutokea Rodi, akasema, "Simama hapo." Nikaona kibanda, tairi zimepangwa nje, maua kwenye tairi, kuku. Akasema, "Mimi nitangoja humu ndani. Mkono unaniuma kidogo." Haukuwa unamuuma.

Nilimkuta amesimama na dereva mmoja wa pikapu, mtu wa Lambwe, anayebeba maziwa. Yule dereva alikuwa akipapasa tairi za matope. "Mama," akauliza, "kwa barabara zangu nichukue zipi?"

"Chagua unayoipenda, baba," akasema. "Barabara ni zako, mimi sizijui."

Nilimsikia kwa masikio yangu akisema hivyo. Amepungua mwili, kipima upepo bado kiko shingoni, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeuza chumvi. Yule dereva akaziviringisha mbili kuelekea pikapu yake. Hapo ndipo Mama Tairi aliponiona, akatabasamu, akaniuliza hali ya mke wangu kabla ya hali yangu. Kisha macho yake, bila kutumwa, yakashuka kwenye gari langu barabarani.

"Umevaa mchanganyiko," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Siku ya kwanza."

"Mimi nilikuambia matope."

"Hapana," nikasema. "Wewe ulisema mchanganyiko. Kopo ndilo lililosema matope. Na kopo nililijaza mimi, jikoni kwangu. Maharagwe kumi na saba na kokoto nne. Mke wangu aliniona. Alingoja nikuambie pale hospitalini, na mimi nikaangalia dari."

Kuku waliendelea na mambo yao. Aliponijibu hakupaza sauti, na ningependelea apaze.

"Adier, Daktari?" Lilikuwa neno letu, la Kijaluo, la kuuliza kama ni kweli.

"Adier, Mama."

"Miaka mitatu," akasema. "Kila mtu anayeingia hapa naogopa kumwambia kitu. Najiambia, mwanamke wewe, ulivunja mkono wa mtu, nyamaza. Nimewafungia watu tairi huku naona kabisa siyo. Miaka mitatu! Na wewe unanipita barabarani?"

Nilisema nisamehe, na nikaisikia ilivyo nyepesi. Akageuka akaingia ndani, nikadhani amenifungia mlango. Alirudi na sinia, na kopo. Kopo langu, jina langu bado liko ubavuni kwa chaki iliyofifia. Yale mengine yote aliyarudisha kwa wenyewe, hili akahama nalo.

"Nililiweka linikumbushe," akasema. Akalimwaga. Bungua walikuwa wametoboa nusu ya mahindi, lakini punje na kokoto zote zilikuwapo. "Toa."

"Yapi, Mama? Yanafanana."

"Hata yafanane. Toa kumi na saba."

Nikachuchumaa, nikatoa maharagwe moja moja, nikihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea, na yule dereva wa Lambwe ameacha tairi zake anatutazama. Nikatoa kokoto nne. Ilibaki kokoto moja, maharagwe kiasi, na mahindi. Mama Tairi akainama, akapangua kwa kidole kile kile, polepole, kutoka upande huu wa sinia hadi ule.

"Mchanganyiko," akasema.

"Mchanganyiko," nikasema.

"Sikukosea."

"Hukukosea, Mama. Hata kopo halikukosea."

Akajinyoosha. Nilimwona anarefuka, sina neno jingine, na machozi yalinitoka bila tangawizi. Lakini yeye hakuwa na nafasi ya machozi yangu. Alikuwa amemgeukia yule dereva.

"Wewe wa maziwa! Rudisha hizo hapa! Unapita wapi na hizo? Lami yote ile hadi mjini kila siku, mvua inakuja, unataka kuwaua watu na maziwa yao? Rudisha, nimesema!" Akamwaga nyoyo yangu yote kwa kuku, akalifuta jina langu kwa kiganja, akafuta na chaki iliyobaki kwa ncha ya ushungi, akamtupia yule mtu kopo naye akalidaka. "Mahindi na maharagwe nakuletea sasa hivi. Wiki mbili."

Nikamuuliza kwa unyonge kama na mimi, zangu zikiisha, naweza kurudi kwake.

Alitazama barabarani, kwenye gari, ambako mke wangu alikuwa ameshateremsha kioo na kutoa mkono wa kulia nje kumpungia.

"Rudi," akasema. "Lakini kopo atalijaza mkeo."